Istilahi za Miamba Iliyoganda: Kasi ya Kupoa na Majina ya Unamu Wake

Rasimu ya istilahi za jiolojia ambayo tumepewa tuisome na kuitolea maoni ina kurasa tisa, na katika hizo ni ukurasa mmoja na nusu tu unaohusu miamba itokanayo na magma. Tumeamua kuushughulikia ukurasa huo na nusu peke yake, na kuziacha nyingine kwa wenzetu walio na ujuzi wa visukuku na wa madini. Huko kwingine tumeona dosari za kawaida, yaani maneno marefu mno, au maneno mawili kwa dhana moja, ambazo mhariri mwangalifu ataziondoa kwa kalamu tu. Hapa dosari ni ya namna nyingine. Maneno yaliyochaguliwa yanamfundisha msomaji jambo ambalo si kweli, tena yanamfundisha kabla hajafungua kitabu chenyewe.

Tutoe mfano. Mmoja wetu aliwahi kuonyeshwa daftari la mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Mwanza. Swali lilimtaka ataje mwamba wa volkeno unaopatikana mkoani kwake. Mtoto yule aliandika kwamba mkoani kwake hakuna volkeno, na kwamba mawe makubwa ya huko yaliganda chini ya ardhi. Akapewa sifuri, na kando yake pakaandikwa kwa wino mwekundu: "itale". Mwalimu hatumlaumu. Kitabu alichokitumia kiliiita miamba yote iliyotokana na magma "miamba ya volkeno", na itale imo katika jamii hiyo. Kwa hiyo alisahihisha sawasawa na kitabu. Lakini aliyesema kweli ni mtoto. Itale ya Mwanza, pamoja na lile jiwe mashuhuri la Bismarck lisimamalo ziwani, ni magma iliyoganda kwa kina kirefu ndani ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, isifike juu wala isipite katika mdomo wa volkeno. Tunaiona leo kwa sababu tabaka zilizoifunika zimemomonyoka. Mwanafunzi amepoteza alama kwa ajili ya istilahi, na rasimu iliyo mbele yetu inataka kulithibitisha neno hilohilo.

Tuanze basi na jina la jamii yenyewe. Majina matatu yanashindana mashuleni na vitabuni: miamba ya volkeno, miamba ya moto (au miamba moto) na miamba igneasi. La kwanza tumekwisha kulisema. La pili limetafsiriwa kutoka katika lugha za Ulaya, ambazo zenyewe zililichukua kutoka katika neno la Kilatini lenye maana ya moto. Waliolibuni huko zamani walidhani kwamba volkeno ni moto uwakao ardhini. Sisi tunajua leo kwamba ndani ya magma hakuna kitu kinachowaka. Kuna joto, wala hakuna moto, na Kiswahili kinatofautisha vizuri mambo hayo mawili kuliko lugha tulikotafsiri. Ya nini basi kulirithi kosa la wenyewe, hali lugha yetu haikulazimishi? Zaidi ya hayo, mwamba moto kwa masikio ya Mswahili ni mwamba uunguzao mkono. Ama igneasi, neno hili halina kosa lolote, kwa kuwa halisemi kitu chochote.

Tunapendekeza miamba mgando. Kitenzi kuganda kinajulikana na kila mtu, na maana yake ndiyo hasa inayotakiwa: kitu kimiminika kugeuka kuwa kigumu kwa kupoteza joto. Maji huganda, samli huganda, na mtu aliyehamia Njombe kutoka Pangani hujifunza katika mwezi wa Julai kwamba mafuta ya nazi, aliyoyajua kuwa ni ya kumimina, huganda ndani ya chupa yake. Neno hilo halitaji moto wala volkeno, wala halisemi kuganda kumetokea wapi au kwa haraka gani. Mambo hayo yanabaki wazi ili yaelezwe na maneno mengine. Tunajua kwamba watakuwepo watakaocheka na kusema tumeyatoa maziwa gengeni tukayapeleka machimboni. Na wacheke. Mwanafunzi anayecheka kwa sababu ya neno analolielewa amekwisha kufika mbele ya yule anayelikariri neno asilolielewa.

Sasa tuje kwenye kiini cha ukurasa ule, yaani istilahi za unamu. Dhana hii rasimu inaiita "ukwaruzo". Mtungaji, bila shaka, alifikiria nguo au mbao, ambavyo tunavipima kwa kupitisha kiganja juu yake. Lakini mwanajiolojia anaposema habari za unamu wa mwamba hasemi juu ya uso wake. Anasema juu ya ukubwa wa chembe zilizoujenga, maumbo yake, na jinsi zilivyoshikana. Itale iliyokatwa na kung'arishwa kwa ajili ya sakafu huteleza hata mtu akaanguka, na hata hivyo unamu wake ni uleule wa chembe kubwakubwa uliokuwamo jabalini. Kwa upande mwingine, kipande cha basalti kilichovunjwa kwa nyundo kinaweza kukwaruza mkono vibaya sana ilhali chembe zake hazionekani kwa macho. Neno unamu, ambalo baadhi ya waandishi wa kilimo wamelizoesha katika kueleza udongo, linafaa hapa kwa sababu ileile: halimfungi mtu kwenye ngozi ya kitu. Tunashauri ukwaruzo ufutwe.

Kabla ya kuyahukumu majina ya aina za unamu hatuna budi kueleza, japo kwa ufupi, namna kasi ya kupoa inavyofanya kazi, maana hapa ndipo rasimu ilipoteleza zaidi. Magma ni kimiminika ambacho chembechembe zake za msingi zimo mwendoni, hazina mpango. Joto linaposhuka, baadhi yake huanza kushikana kwa mpango maalumu, zikafanya vijiini vya fuwele. Ikiwa joto linashuka taratibu, vijiini huwa vichache, na vitu vilivyomo katika magma hupata muda wa kusafiri hadi kwenye kijiini na kuungana nacho. Fuwele hukua, kila moja ikijipatia nafasi yake, mpaka zinagusana. Hivyo ndivyo itale ilivyopata zile chembe nyeupe, za waridi na nyeusi ambazo mtoto anaweza kuzihesabu. Ikiwa joto linashuka kwa ghafula, vijiini huzuka vingi mno kwa wakati mmoja, na magma nayo huzidi kuwa nzito hata vitu visiweze kusafiri mbali. Matokeo yake ni maelfu ya fuwele ndogo ambazo zinahitaji hadubini. Na ikiwa joto linaporomoka kabla vijiini havijapata hata kuanza, kimiminika hukwama katika ile hali yake ya kutokuwa na mpango, kikawa kigumu bila ya kuwa na fuwele. Hicho ni kioo.

Jambo hili halikujulikana hivihivi. Mwishoni mwa karne ya 18, wataalamu wa Ulaya walipokuwa wakishindana kama basalti ilitokana na maji au na joto, waliopinga joto walikuwa na hoja nzuri: jiwe likiyeyushwa tanurini huwa kioo, na basalti si kioo, basi basalti haikuyeyuka kamwe. James Hall wa Edinburgh alikuwa amesikia kwamba katika kiwanda kimoja cha chupa kioo kilichoachwa kipoe polepole mno kilipoteza mng'ao wake kikawa kama jiwe. Akachukua mawe ya aina ya basalti, akayayeyusha katika tanuri la kufulia chuma. Alipoyapoza kwa haraka alipata kioo, na alipoyayeyusha tena na kuyapoza taratibu alipata jiwe lenye fuwele, linalofanana na lile la kwanza. Matokeo aliyatoa mwaka 1798, mwaka mmoja baada ya kufa James Hutton, rafiki yake, ambaye hakuamini kwamba kazi kubwa za ardhi zingeweza kuigwa katika tanuri dogo. Tunalieleza tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba tofauti kati ya kioo na fuwele ndiyo iliyoamua ubishi wote ule. Istilahi zikiichanganya tofauti hiyo, jaribio la Hall haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili.

Na rasimu inaichanganya. Kwa fuwele imeweka "bilauri", na mistari michache chini yake mwamba wa obsidiani umeitwa "jiwe kioo". Tunafahamu bilauri ilikotoka. Katika Kiarabu neno hilo lilikuwa jina la fuwele angavu ya jabalini, na mtungaji amefanya utafiti wa asili ya neno, jambo la kusifiwa. Lakini neno likisafiri hubadilika. Katika Kiswahili bilauri ni chombo cha kunywea maji, na chombo hicho ni kioo. Kwa hiyo mwanafunzi atasoma kwamba mwamba uliopoa taratibu umejaa bilauri, na uliopoa ghafula ni kioo, naye atauliza, kwa haki kabisa, tofauti iko wapi. Vitu viwili vilivyo kinyume kabisa, kimoja chenye mpango na kimoja kisicho na mpango wowote, vimepewa majina ambayo sebuleni ni kitu kimoja. Neno fuwele limekwisha kuzoeleka katika masomo ya kemia na libaki palepale. Jiwe kioo tunalikubali kwa moyo mkunjufu. Ni jina la wazi, na wakazi wa nchi hizi wamelijua jiwe lenyewe tangu zamani zisizokumbukwa: obsidiani ya Bonde la Ufa, kama ile ya pande za Naivasha na Eburru, ilichongwa kuwa zana kali, na katika machimbo ya Olorgesailie kumepatikana vipande vilivyobebwa makumi ya kilomita, yapata miaka 300,000 iliyopita.

Tungeongeza tahadhari moja tu ambayo vitabu husahau. Kasi peke yake haitoshi kufanya jiwe kioo. Magma yenye silika nyingi ni nzito kama asali ya baridi, na vitu vyake husogea kwa shida. Hiyo huganda kuwa kioo kwa urahisi. Magma ya basalti ni nyepesi zaidi, na kwa kawaida hupata kuwa kioo katika gamba jembamba tu, hasa pale inapokutana na maji.

Tumefika sasa kwenye kosa ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kupita yote. Kwa unamu wa chembe kubwa rasimu imeandika "unamu wa kupoa polepole", na kwa ule wa chembe ndogo, "unamu wa kupoa haraka". Kwa mtazamo wa kwanza hayo ni majina mazuri: yana maneno mepesi, na yanamweleza mwanafunzi sababu pamoja na jina. Ubaya wake ndio huohuo. Unamu ni kitu kinachoonekana kwa macho. Kasi ya kupoa ni jambo linalokisiwa kutokana na kile kilichoonekana. Istilahi ikivigandamanisha viwili hivyo, mwanafunzi ananyimwa kazi ya kufikiri, na siku makisio yakibadilika jina linageuka kuwa uongo.

Nayo makisio yamebadilika tayari. Tuchukue pegmatiti, mwamba wenye fuwele kubwa kuliko miamba mingine yote. Katika milima ya Uluguru pegmatiti ndizo zilizochimbwa ulanga kwa miaka mingi, na mabamba yake huzidi kiganja cha mtu. Kwa kanuni ya rasimu, mwamba huo ungekuwa ndio uliopoa polepole kuliko yote. Lakini pegmatiti nyingi ni mishipa myembamba iliyopenya ndani ya miamba iliyokwisha kupoa, na wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba ziliganda kwa muda mfupi sana ukilinganisha na itale. Ukubwa wa fuwele zake unatokana zaidi na maji na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani ya magma ile, ambavyo hupunguza idadi ya vijiini na kurahisisha mwendo wa vitu kuviendea. Je, tutauita unamu wa pegmatiti "unamu wa kupoa polepole"? Tutakuwa tumeandika kinyume cha tunachokifahamu. Badala yake tunapendekeza unamu wa chembe dhahiri na unamu wa chembe fiche, majina yanayosema tu kile ambacho jicho limekiona au halikukiona. Sababu na ielezwe katika sentensi, wala si katika jina.

Hoja hiyohiyo inagusa jozi ya "miamba ya ndani" na "miamba ya nje". Hatuipingi, mradi isichukuliwe kuwa ni sawa na polepole na haraka. Magma iliyopenya katika ufa mwembamba, kama zilivyo nyufa nyingi zilizojazwa katika kilele cha Mawenzi, hupoa upesi ingawa imo ndani. Na zaha iliyotuama kwa kina kirefu hukawia mno ingawa iko nje: ziwa la zaha la Kilauea Iki huko Hawaii, lililojaa mwaka 1959 kwa kina cha zaidi ya mita 100, lilichukua zaidi ya miaka 30 kuganda lote. Hapa pia tunaomba rasimu itofautishe magma, iliyo chini, na zaha, iliyokwisha kutoka nje. Mtungaji ameyaita yote mawili "uji wa volkeno", na hivyo akaturudisha kule tulikoanzia.

Uko unamu mmoja ambao rasimu imeupatia jina la "mchanganyiko", nao ni ule wa fuwele kubwa zilizotapakaa katikati ya chembe ndogo. Wanafunzi hupenda kuufananisha na zege, kokoto ndani ya saruji, na jina hili litawathibitishia hivyo. Lakini kokoto zililetwa na lori kutoka kwingine. Fuwele kubwa katika mwamba wa namna hii kwa kawaida zilizaliwa ndani ya magma ileile, zikakua taratibu ilipokuwa bado chini. Kisha magma ikapanda, ikatoka, na sehemu yake iliyobakia ikaganda upesi kuzizunguka. Si mambo mawili yaliyochanganywa. Ni jambo moja lililopita katika vipindi viwili. Mifano mizuri tunayo nyumbani. Baadhi ya zaha za Kibo zina fuwele za umbo la msambamba, ndefu za sentimita kadhaa, ambazo mpanda mlima huzikanyaga bila kujua, na zaha ya Kapiti, kusini-mashariki mwa Nairobi, nayo inajulikana kwa fuwele zake kubwa. Tunapendekeza zile kubwa ziitwe fuwele tangulizi, kwa kuwa ndizo zilizotangulia kuganda, na mwamba wenyewe uitwe wa vipindi viwili. Msomaji mwepesi atatukumbusha kwamba sasa hivi tumekataza kuingiza sababu ndani ya jina. Ni kweli. Jibu letu ni kwamba utangulizi wa fuwele hizo unaonekana katika jiwe lenyewe: mara nyingi kingo zake ni kamili kwa kuwa zilikua zikiwa huru ndani ya kimiminika, na chembe ndogo zimejipanga kuzizunguka. Hata hivyo tunakiri kwamba hapa tumeusogelea ukingo wa kanuni yetu wenyewe, na aliye na neno bora atutumie.

Katika fungu hilihili la fuwele tangulizi kuna jambo ambalo tungelipenda liwemo katika maelezo ya rasimu, nalo halimo. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ndiyo volkeno pekee duniani iliyoonekana ikitoa zaha ya kabonati ya sodiamu. Zaha hiyo hutoka ikiwa na joto la kati ya sentigredi 500 na 600 hivi, ambalo ni takriban nusu ya joto la zaha ya basalti. Hutiririka kama maji yenye matope, nyeusi, na baada ya siku chache hugeuka nyeupe kwa unyevu wa hewa. Ndani yake mna fuwele tangulizi za madini mawili, na moja katika hayo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jina hilo limo katika vitabu vya madini vya lugha zote. Ni ajabu kidogo kwamba fuwele yenye jina la mtu aliyekipigania Kiswahili kuliko wengi haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili cha rasimu hii ila kwa kusema kwamba ni bilauri iliyomo katika mchanganyiko wa uji.

Ya mwisho yatupasa kuyasifu. Kwa zaha iliyojaa mapovu ya gesi rasimu imeandika "mwamba wa vitundu", nasi hatuna la kuongeza isipokuwa kwamba aliyekata kitumbua ameliona jambo lenyewe. Na kwa lile jiwe jepesi lieleaolo majini, ambalo wengi wanalijua bafuni kwa kusugulia visigino, imeandika "jiwe povu". Ni jina fupi, lina picha, na ni sahihi kisayansi, kwa kuwa jiwe lile ni povu la kioo lililoganda kabla mapovu hayajapasuka. Yeyote aliyebuni neno hilo anaujua uwezo wa lugha yake. Tungetamani angekaa meza moja na yule wa bilauri.

Limebaki jina la zile chembe ndogo zinazozizunguka fuwele tangulizi, yaani sehemu ya mwamba iliyoganda baadaye. Rasimu imeliacha tupu. Sisi tumelijaribu neno tandiko, kwa maana ya kitu kilichotandazwa ambacho vingine vimelala juu yake, lakini hatukuridhika, maana fuwele hizo hazikulala juu, zimezamishwa ndani. Mwenzetu mmoja alitaja mji, kama mji wa kanga, yaani ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo, naye hakutushawishi. Tungependa, kabla halijaamuliwa jambo, waulizwe wapasuaji wa mawe: wale wa Mwanza waipasuao itale kwa moto na nyundo, na wale wa Goma waliojenga upya kwa mawe ya zaha ileile iliyouingia mji wao mwaka 2002. Watu wanaoshika jiwe kutwa nzima lazima wawe na namna ya kutaja sehemu inayokubali nyundo na sehemu inayoikataa, na rasimu haionyeshi kwamba kuna aliyewafuata.